Kitabu cha RPG mnakipaje maksi? Nina viwili hapa vinanivuruga

Kete_Mkononi (mwanzisha mada)

Wakuu habari zenu. Niende moja kwa moja kwenye hoja. Nimeanza kuandika rivyu za vitabu vya RPG za mezani (michezo ya kuigiza wahusika na kurusha dadu), vile vya kanuni na vile vya visa vya kuchezesha, na kuna watu wameanza kuzisoma kabla hawajatoa hela yao, sasa ndo napata kigugumizi kila nikifika kwenye maksi za mwisho.

Nina vitabu viwili mbele yangu. Cha kwanza kizuri balaa, jalada gumu, michoro ya kutundika ukutani, lugha yake tamu kiasi kwamba nilikisoma usiku kucha bila kusinzia. Ila tulipokipeleka mezani kila baada ya muda mtu anauliza "hivi ukianguka kutoka juu ya ukuta unaumia kiasi gani?" na jibu limefichwa katikati ya aya inayosimulia historia ya mji, na faharasa hakuna. Cha pili kimekaa kama ripoti ya mwaka ya ofisi, safu mbili za maandishi madogo, michoro ya kuokoteza, lakini aisee kinachezeka! Kanuni unaisoma mara moja imeingia, jedwali unalolitaka liko pale pale unapolitaka, na watu wakimaliza wanauliza tunarudi lini.

Sasa nikivipa vyote 7 kwa 10 nimesema nini? Msomaji ataona 7 na 7 atadhani ni mapacha. Nikikipa cha kwanza 4 naona namuonea mchoraji na mwandishi waliofanya kazi yao vizuri, nikikipa 9 nawaingiza mkenge wanaotaka kucheza. Mnafanyaje nyie? Maksi moja, maksi kadhaa, au niachane na namba nibaki na maneno? Na la pili, ni halali kukipa maksi kitabu ambacho hujakicheza?

---

Mzee_wa_Faharasa

Mdogo wangu hilo tatizo lina umri kuliko wengi wetu humu, na dawa yake ipo. Tovuti ya RPGnet wale hakiki zao tangu zamani zinatoa maksi mbili, moja ya mtindo na moja ya yaliyomo, kila moja 1 hadi 5. Kitabu chako cha kwanza mtindo 5 yaliyomo 2, cha pili kinyume chake, mchezo umeisha, mtu anajua ananunua nini. Hata tuzo za ENNIE, zile za vitabu vya RPG, hazichanganyi mambo, kuna tuzo ya mpangilio wa kurasa, ya uandishi, ya kanuni, ya ramani, kila moja kivyake, kwa hiyo kitabu kinaweza kuondoka na ya ramani na kwenye kanuni kisisikike kabisa.

Ila usije ukazijumlisha ukagawa kwa mbili! Hapo ndo wengi wanapoharibu, 5 jumlisha 2 gawa kwa 2 unapata tatu na nusu, unakuwa umerudi kule kule kwenye mapacha yako.

Kuhusu kupima, mimi kabla sijaandika neno nafanya jambo moja. Nakifunga kitabu, najiuliza maswali ambayo najua lazima yatatokea mezani: kuanguka, kujificha, kushika moto, mhusika akiishiwa pointi za uhai anakufa au anazimia, akipumzika anarudishiwa nini. Afu nafungua natafuta kila moja huku naangalia saa. D&D ya 2014 (Dungeons & Dragons) kwa mfano kuanguka ni dadu moja ya pande 6 kwa kila futi 10, mwisho dadu 20, sentensi mbili tatu tu, ukishaijua imeisha. Swali sio kama kanuni ipo, swali ni GM (mwendeshaji wa mchezo) aliyezungukwa na watu wanaomkodolea macho ataipata kwa muda gani. Kama jibu ni "mpaka asome sura nzima" hilo liandike, na ukurasa utaje.

Na angalia marejeo. Kuna vitabu vinatoka kiwandani bado vimeandikwa "tazama ukurasa wa XX", yaani mhariri aliacha nafasi ya kuja kujaza namba akasahau. Nikikuta XX moja nacheka, nikikuta kila sura inayo nakata maksi bila huruma, maana aliyepeleka kitabu kiwandani hivyo hata hesabu za mazimwi yake sina uhakika kama alizirudia.

---

NyotaTano_Sidanganyiki

Mzee heshima yako, ila mimi napingana kidogo. Watu hawasomi maksi mbili. Watu wanashuka mpaka chini kabisa, wanaangalia namba, wanafunga. Ukiwawekea mbili watachukua iliyo kubwa kama wanakipenda kitabu tayari, au iliyo ndogo kama wanatafuta sababu ya kutonunua 😂

Tatizo kubwa ninaloliona mimi ni kwamba kipimo chenyewe hakina maana iliyoelezwa. Kwenye rivyu nyingi za 10, vitabu vyote vinaishi kati ya 7 na 9. 5 ambayo ndo katikati inasomeka kama tusi. Na nyota tano za kwenye maduka ya mtandaoni ndo usiseme, anayekwenda kuweka nyota mara nyingi ni yule aliyeshakipenda kabla hakijatoka, au aliyechukia kwa sababu faili halikufunguka. Wa katikati yule aliyekisoma akasema "sawa tu" hana hata nguvu ya kubonyeza.

Kwa hiyo Kete, kabla hujaamua maksi ngapi, andika kila namba inamaanisha nini na uandike kwa kitendo, sio kwa sifa. "Nzuri sana" ni ya nani? Mimi nikisema 5 maana yake nimekicheza na nitakirudia bila kuombwa. 4 nitakirudia mtu akiomba. 3 nitaiba vipande nipeleke kwenye mchezo mwingine. 2 nimekisoma na sitakitoa kabatini. 1 nimekipa mtu. Hapo hata ukigombana na msomaji mnagombana juu ya jambo moja.

---

Zimwi_la_Daraja

Naomba niseme wazi, rivyu ya kitabu ambacho hakijachezwa sio rivyu, ni maoni kuhusu karatasi. Samahanini ila ndo ukweli. Kitabu cha RPG ni maelekezo, huwezi kusifia maelekezo ambayo hujayafuata ukaona yanakufikisha wapi.

Mfano halisi wa juzi juzi. Kisa cha kuchezesha, nilikisoma nikakipenda, chumba cha saba kina maelezo mazuri kuhusu picha ya kuchora iliyoko ukutani, nani aliichora, aligombana na nani, kwa nini fremu imepasuka. Nikakisoma kwa sauti kwa wachezaji, wakaanza kuichunguza picha, mmoja akataka kuibandua, mwingine anauliza rangi. Nikaendelea kushuka, aya ya tatu sentensi ya mwisho: "Walinzi wanne wenye mikuki wamesimama mlangoni na wanashambulia mara moja." MARA MOJA! Yaani watu wameshakaa na picha ile muda wote huo na wale walinzi wamekaa kimya wanawaangalia. Ukisoma kitandani hilo hulioni hata kidogo, unaona tu nathari safi. Mezani linakuvua nguo.

Kwa hiyo mimi kwenye kisa cha kuchezesha maksi za kwanza kabisa ni hizo: kile ambacho mchezaji anakiona akifungua mlango kimeandikwa juu, au kimefukiwa? Michoro baadae.

---

Hesabu_Kidogo_Tu

@Zimwi nakubaliana na wewe kwenye visa, kwenye kanuni sikubaliani. Kuna mambo unayaona kwa kalamu na karatasi kabla hujamwita mtu yeyote, na kwa kweli kuna mambo mezani HUYAONI kwa sababu dadu zinadanganya, usiku mmoja wa bahati mtu anaondoka anasema mfumo mzuri, usiku wa nuksi anasema mfumo mbovu.

Chukua mifumo ya dadu mbili za pande 6, ile familia iliyoanzia Apocalypse World ya 2010, ambapo 10 kwenda juu umefanikiwa, 7 mpaka 9 umefanikiwa ila kuna gharama, 6 kushuka chini mwendeshaji anakuletea balaa. Bila nyongeza yoyote (namba ya mhusika unayojumlisha kwenye dadu) balaa ni 15 kati ya 36, karibu 42%, gharama nayo 42%, mafanikio kamili 17% hivi. Ukiwa na nyongeza ya 2 inageuka kabisa, balaa 17%, mafanikio kamili 42%. Ukifika nyongeza ya 4 balaa inabaki 1 kati ya 36 na mafanikio kamili yanapita 70%. Sasa raha yote ya mfumo ule iko kwenye ile katikati, ile "umefanikiwa lakini", ndo inayozaa hadithi. Kwa hiyo ukikuta kitabu kimeiga dadu zile afu kinaruhusu silaha inaongeza 1, kipaji kinaongeza 1, rafiki akisaidia 1, juu ya 2 uliyonayo, huhitaji kucheza kampeni nzima (vikao vingi vya hadithi moja) kujua kwamba baada ya muda mwendeshaji atakosa kazi. Unaandika, unaonyesha hesabu, unakata maksi.

Halafu hesabu inakusaidia usiseme uongo. Mtu anaandika "mfumo huu ni mkatili mno" kumbe alikosa mara nne mfululizo tu. Kurusha dadu ya pande 20 kutafuta 15 ukiwa na nyongeza ya 5 unafanikiwa 55%, kukosa mara nne ni kama 4%, haba lakini kunatokea, na kwake kulitokea siku anayoandikia rivyu 🤷🏾

---

Nasoma_Sichezi

Mimi jina langu limeshajieleza. Sina kundi la kucheza nalo na bado nanunua vitabu, na nadhani tuko wengi kuliko mnavyofikiri. Nasoma ulimwengu wake, naangalia ramani, natengeneza mhusika peke yangu basi nimeridhika. Zimwi akisema rivyu ya kusoma sio rivyu ananiambia mimi sio mnunuzi. Kile kitabu cha kwanza cha Kete ndo kitabu ninachokitaka mimi, faharasa ya nini?

Ninachoomba ni kitu kimoja, mwandishi aseme mwanzoni kabisa sio mwishoni: nimekisoma, au nimekichezesha, au nimekicheza kama mchezaji (hivi viwili vya mwisho sio kimoja, mchezaji hajui mateso ya mwendeshaji), na mara ngapi, kikao kimoja au kampeni. Basi. Mimi nitachuja mwenyewe.

Na mpime kitabu kwa kile kilichokusudia. Traveller ya 1977, RPG ya safari za anga za juu, mhusika wako anaweza kufa wakati bado unamtengeneza, hujarusha hata dadu moja ya mchezo wenyewe! Kuna anayesoma akasema huo upuuzi, toa maksi. Lakini ile ni kamari ya makusudi, ukibaki jeshini muhula mwingine unapata ujuzi zaidi ila unaweza usitoke hai, kwa hiyo unaamua mwenyewe ubaki au utoke. Mimi peke yangu na karatasi nimecheka na kulia na ile sehemu kuliko kampeni za watu. Vivyo hivyo Call of Cthulhu, RPG ya kutisha, tangu 1981 watu wanachanganyikiwa akili na kufa mle, ukija kuandika "wahusika ni dhaifu, hawakui wakawa mashujaa" umekosea mlango.

---

Mtunzi_Mdogo

Naongea kama mtu ninayeandika vigeimu vidogo vya kurasa chache, kwa hiyo nipo upande wa pili wa hizo maksi zenu.

Kwanza ule mtindo wa kuwa na vigezo vile vile kwa kila kitabu, michoro 10, kanuni 10, ulimwengu 10, zana za mwendeshaji 10, mazimwi 10, halafu jumla kwa 50, unatuua. Fiasco ya 2009 haina GM kabisa, sasa kwenye "zana za mwendeshaji" utaipa ngapi? Sifuri? Na mazimwi je? Unakuta mchezo umeanguka mtihani wa somo ambalo hausomi. Geimu ya kurasa nne haiwezi kuwa na faharasa na haiihitaji. Vigezo vitoke kwenye kitabu chenyewe: kimeahidi nini kwenye jalada la nyuma, kimetimiza?

Pili andikeni toleo mlilosoma. PDF zinasahihishwa kimya kimya, unasahihisha kosa wiki ya pili na rivyu inayosema kosa lipo inabaki milele. Na vitabu vikubwa ndo hivyo hivyo, anayesoma leo rivyu ya D&D ya 2014 akidhani inahusu vitabu vilivyopitiwa upya vya 2024 amepotea, kanuni nyingi zinafanana ila sio zote.

Tatu, na hili najua litanichomea, kama nakala umepewa bure na mtunzi sema. Sisemi kwamba unanunulika. Ila aliyetoa hela yake kusubiri kitabu mwaka mzima na aliyetumiwa PDF kwenye barua pepe hawakasirikii faharasa kwa kiwango kimoja.

---

Zimwi_la_Daraja

@Nasoma sawa dada yangu, nakurudishia uraia wako 😅 Ila nashikilia hapa: mtu akisema amesoma tu, asitoe hukumu juu ya mapigano. Aseme "mapigano yanaonekana marefu", asiseme "mapigano ni marefu". Hesabu naye hesabu zake nazikubali, ila hazikuambii kama meza inachoka. Kuna mfumo hesabu zake zimenyooka kabisa na bado kila zamu mtu anarusha dadu kupiga, anarusha kuumiza, mwenzake anarusha kukinga, afu mnaangalia jedwali la kidonda. Hakuna hesabu mbaya pale. Mpaka zamu ikurudie umeshaenda kunywa maji ukarudi.

---

Kete_Mkononi (mwanzisha mada)

Wakuu nashukuru sana, nimechukua kwa kila mtu. Nimejaribu kuandika hivi nione mnasemaje, hii ni ya kile kitabu cha kwanza:

"Toleo: kitabu cha karatasi, chapa ya kwanza, nimenunua mwenyewe. Nimekichezesha, kampeni fupi. Jalada la nyuma linaahidi mji wa kuchunguza na fitina za koo tatu. Mji upo na ni mzuri ajabu, koo zipo, kila mkuu wa ukoo ana jambo analolitaka na jambo analolificha, hapo mwendeshaji hana haja ya kubuni. Kanuni zipo pia ila zimetawanywa ndani ya masimulizi, kuanguka iko kwenye historia ya ukuta wa mji, sumu iko kwenye maelezo ya ukoo wa pili. Niliishia kuandika karatasi yangu ya pembeni, na nikiwa na karatasi ile mchezo ulienda vizuri. Kusoma: 5. Kuchezesha: 2 bila karatasi ya pembeni. Kinamfaa anayetaka mji na tayari ana mfumo wake wa kanuni. Anayetaka kufungua na kuanza leo leo asubiri chapa nyingine."

Sijajumlisha, Mzee usinipige. Na maana ya kila namba nimeiweka kwenye ukurasa wake, nimemwibia Nyota kile kipimo chake cha vitendo.

---

NyotaTano_Sidanganyiki

Iba tu ni mali ya umma. Hiyo rivyu nimeielewa bila hata kufika kwenye namba, ambayo kwangu ni sifa. Ila hilo la "bila karatasi ya pembeni" litakuletea watu, ni 2 au sio 2? Ukianza kuweka masharti kwenye namba kesho utaandika "4 kama mwendeshaji ana uzoefu, 3 kama mvua inanyesha". Karatasi ya pembeni ni kazi yako sio ya kitabu. Acha 2, karatasi iseme kwenye maneno.

---

Mzee_wa_Faharasa

Naunga mkono, 2 ibaki 2. Na hiyo karatasi ya pembeni iweke kwenye rivyu watu waichukue, itawafaa kuliko maksi zenyewe.

---

Nasoma_Sichezi

Mimi nimeona "Kusoma: 5" nimeshaanza kutafuta hela. Swali dogo kwa wote: ukikicheza tena mwakani maoni yakabadilika, mnafuta maksi za zamani?

---

Mtunzi_Mdogo

Usifute. Ongeza chini na tarehe, useme ulicheza na nani tofauti, wageni au wazoefu. Mimi kama mtunzi pale ndo najifunza, maana mara nyingi kilichobadilika sio kitabu, ni meza.

---

Hesabu_Kidogo_Tu

@Kete cha pili lini? Na naomba majedwali yake upige picha, nataka kuona hizo asilimia.

---

Kete_Mkononi (mwanzisha mada)

Mwisho wa wiki Mungu akipenda. Ila nakuonya mapema, maandishi ni madogo, kuza picha.